Pampu ya Boti Ndani ya Ndoo Yangu

Nyuma ya kanisa,
Buzebazeba,
Kigoma.
19 Agosti 2024

Mpendwa Shemeji Térence,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na Erica na Tuyizere wetu mdogo. Lile goti ulilokuwa unalilalamikia linaendeleaje? Na Erica, kikohozi kimemwacha? Mwambie nimesikia huko Winnipeg sasa hivi jua linawaka, kwa hiyo sitaki tena kusikia habari za theluji mpaka mwisho wa mwaka. Sisi huku hatujambo. Vumbi la Buzebazeba linaingia mpaka kwenye sufuria ya maharage na samaki wetu migebuka wameadimika sokoni, lakini tunakula na tunalala.

Utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Shemeji, simu zetu zinakatika, na jambo hili haliwezi kusemwa nusunusu. Tena ndugu yako Jean de Dieu amenisihi nisiliweke kwenye lile kundi letu la wotsapu, maana shangazi zenu wa Nyarugusu wangekuwa wameshalifikisha Bujumbura kabla hujavaa miwani. Padri Benedict anakuja huko kusoma, nami nimemkabidhi bahasha hii mkononi.

Kwanza kabisa, Mama ni mzima. Narudia ili usome mara mbili: Mama yako ni mzima, yuko uani sasa hivi anachambua dagaa na kuwafukuza kuku wa jirani. Lakini Alhamisi ya tarehe nane ilibaki kidogo sana tumpoteze ziwani, na kilichotaka kumpoteza ni kompyuta ya Jean de Dieu. Nikiamka asubuhi naenda kwanza kumwangalia kama yupo kitandani, ndipo nawasha moto.

Acha nikueleze tangu mwanzo, maana najua unajiuliza kompyuta ya studio yetu ya picha na ziwa vinakutania wapi. Hata mimi nilijiuliza hivyohivyo.

Mwezi wa saba, kama unavyojua, tulifanya kuganduka kwa Baba. Mwaka wa maombolezo ulikwisha, watu wakaja kutoka Kasulu na Mwamgongo, wakala, wakanywa, wakasema maneno mazuri ya marehemu, na Mama akavaa kitenge chenye rangi kwa mara ya kwanza tangu tuzike. Kile cha njano chenye majani. Ungemwona! Nililia mimi kuliko yeye. Nafasi yako ilikuwa wazi kwenye mkeka wa watoto wa marehemu, kama ilivyokuwa wazi siku ya maziko, na kila mgeni aliuliza. Tulijibu kwamba kazi haikukuruhusu. Ndivyo ulivyotuambia tujibu.

Jean de Dieu alipiga video mwanzo mpaka mwisho, na akatafuta picha zote za zamani za Baba aziunganishe humo. Alikuwa anasema, "Kaka akiiona hii atakuwa kama alikuwepo." Hiyo kazi hakuifanya kwa ajili ya mteja yeyote. Aliifanya kwa ajili yako.

Sasa shida ikawa kompyuta yenyewe. Video ilikuwa ndefu, na kila akiiambia iiunganishe, mashine inachemka, feni yake inalia, halafu inajizima yenyewe katikati ya kazi. Anaanza upya. Inazima tena. Alinionyesha kinachochemka: ni kile kidude kinachofikiri humo ndani, prosesa, kidogo kama kipande cha biskuti. Nilipouliza mbona kitu kidogo hivyo kinatupa tabu kubwa hivyo, alinijibu kwamba hata mimi si mrefu. Nikamwacha na kidude chake.

Basi ufundi ukaanza. Unaijua kona ya nyuma ya studio: friji iliyokufa, mashine ya fotokopi iliyokufa, amplifaya ya kanisa iliyoungua, na kila kilichokufa Buzebazeba kinaletwa pale. Akang'oa feni ya ile mashine ya fotokopi, akaifunga ubavuni mwa kompyuta kwa waya. Ikasaidia kidogo. Kisha akagundua kwamba ile grisi nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na chuma kinachokaa juu yake imekauka, na mjini hakuipata. Unajua alipaka nini? Mawese! Alikuja jikoni, akachota kwenye chupa yangu kwa kijiko, akaenda kupaka kompyuta mawese.

Usicheke, maana mwanzoni ilifanya kazi, na akatembea studio nzima kifua mbele. Asubuhi yake nilikwenda kufagia nikakuta sisimizi wamejipanga kutoka dirishani mpaka ndani ya mashine, na mafuta yamechuruzika mekundu kwenye vyuma vyote. Studio ilinuka kama mtu anakaanga samaki. Mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti aliuliza kama tunauza na chakula.

Hapo ndipo wewe, shemeji yangu mpendwa, ulipoingia. Ulipiga simu, ikawekwa sauti kubwa, na mimi nilikuwepo nakunja nguo. Ulimwambia kwamba huko kwenu watu wanapoza prosesa kwa maji, kama rejeta ya gari inavyopoza injini, na kwamba si lazima kununua chochote. Ulisema kwa masikio yangu haya, "Tafuta bomba la shaba la friji bovu, tafuta mipira ya maji, tafuta pampu yoyote ndogo ya betri ya gari. Spea tu, zipo kila mahali." Nakumbuka vizuri, maana ulilisema neno hilo "yoyote" kwa madaha sana.

Bomba la shaba alilipata kwenye friji. Alilikunja kama anavyojikunja nyoka, akalilehemu juu ya kipande bapa cha shaba, akakikaza kipande hicho juu ya prosesa. Mipira aliitoa kwenye gari bovu la mwalimu mmoja. Ikabaki pampu.

Hapa unisome polepole. Unamkumbuka Martini, mwenye ile boti ya mbao inayokwenda Mwamgongo. Boti ikivutwa mchangani pale Kibirizi ili izibwe nyufa, hakuna kinachoachwa ndani yake. Betri, pampu, mipira, hata kamba, vyote vinafunguliwa na kupelekwa kwenye nyumba yenye kufuli. Martini siku zote anaweka vyake studio kwetu kwa sababu tuna nondo madirishani. Sasa, zamani kidogo aliwahi kumpa Jean de Dieu pampu ya boti iliyoungua, achukue spea. Ni pampu ndogo kama kikombe kikubwa, ya bluu, kazi yake kunyonya maji yanayoingia chini ya boti na kuyatupa nje. Na mwaka huu kwenye mfuko wa Martini kulikuwa na nyingine, nzima, ya bluu vilevile.

Jean de Dieu aliumwaga mfuko huo mezani akitafuta spana. Pampu mbili zikakaa meza moja. Akachukua moja, akaifuta vumbi, akaidondoshea mawese kidogo, akaiunga na waya za umeme za kompyuta yenyewe, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Ndoo yangu, shemeji, ndoo yangu ya maji ya kunywa! Ikazunguka. Maji yakapanda kwenye mpira, yakapita kwenye shaba, yakarudi ndooni. Mume wangu akaruka juu. "Nimeifufua! Générose, njoo uone, pampu iliyoungua nimeifufua!" Alizunguka mtaa mzima akijisifu. Nami nilimpigia vigelegele, sikatai. Kumbe mwanaume amefufua kitu ambacho hakikuwa kimekufa, na ile maiti yenyewe ameirudisha kwenye mfuko wa Martini.

Na mashine ilitulia, hilo lazima niseme. Haikulia tena. Ukiweka mkono ubavuni ni baridi. Jean de Dieu alikaa mbele yake anatabasamu, video inakwenda, haikati, na mimi nabadilisha maji ya ndoo yakishapata joto.

Oswald, anayeendesha boti ya Martini, akaja kuchukua mfuko. Akaenda akafunga kila kitu mahali pake. Pampu hakuijaribu. Nani angeijaribu pampu ambayo aliifungua mwenyewe ikiwa inafanya kazi, akaiweka kwenye nyumba yenye kufuli?

Siku ya Alhamisi asubuhi, Mama akapanda boti hiyo.

Alikuwa anakwenda kwa dada yenu Aurore, amejifungua mtoto wa kike, hongera sana. Mama alibeba unga wa mtama wa uji wa mzazi, na sufuria kubwa mpya juu yake. Nilimsindikiza mwenyewe Kibirizi. Nilimshika mkono wakati anapanda, maana unajua siku hizi hata mtaro wa pale njiani havuki bila kushikwa. Nikampungia, nikarudi zangu nyumbani kupika. Nilirudi huku naimba, shemeji!

Yaliyobaki nimeyapata kwake na kwa Oswald. Walipopita Kalalangabo upepo ukaongezeka, boti ikaanza kugonga mawimbi, na ile dawa mpya waliyozibia mpasuko mmoja chini ikaachia. Watu wakaona maji miguuni. Oswald hakushtuka, akabonyeza swichi ya pampu. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akaifuata kwa mkono majini, akaitikisa, akaipiga na mpini wa kisu. Hapo abiria wakaelewa. Waislamu wakaanza kumwita Mungu kwa njia yao na Wakristo kwa njia yao, na mama mmoja akawa anafunga watoto wake kiunoni kwa khanga.

Kulikuwa na sado moja tu ya kuchotea maji. Shemeji, unajua Mama yako alifanya nini? Alimwaga unga wote wa mtama ziwani, akashika ile sufuria mpya kwa mikono miwili, akaanza kuchota. Mama, huyu ambaye nimemshika mkono! Alichota, akamwaga, akachota, na yule aliyekaa karibu yake akiwa bado analia, Mama alimwambia, "Lia huku unachota." Oswald aligeuza kuelekea Mtanga. Walipogusa mchanga, maji ndani ya boti yalikuwa magotini. Wote walishuka wakiwa hai. Sijui nimshukuru Mungu kwa maneno gani. Kila nikianza kusali nafika hapo kwenye magoti na siwezi kuendelea.

Boti nyingine iliyokuwa inarudi mjini ikawachukua. Na sasa ndiyo sehemu ambayo mpaka leo nikiifikiria nashika kichwa.

Oswald aliichomoa ile pampu iliyokataa, na kwa vile Buzebazeba na Kibirizi yote inajua nani ni fundi wa vitu hivyo, moja kwa moja akaileta kwa Jean de Dieu aiangalie. Akaja na Mama. Nilikuwa studio napeleka chai. Nikaona Mama anaingia, kitenge chake cha njano kimemganda mwilini, sufuria mkononi. Nikadhani ameanguka mtaroni. Oswald akaiweka pampu mezani, akasema, "Fundi, hebu iangalie hii, leo imetaka kutuua."

Na chini ya meza, ndani ya ndoo yangu, nyingine ya bluu inazunguka, taratibu, haina wasiwasi.

Jean de Dieu aliichukua ile ya mezani, akaigeuza. Aliuona waya uliokuwa mweusi kwa kuungua, waya anaoujua. Nilimwona uso unabadilika. Oswald akainama akaangalia ndooni, kisha akaangalia mezani, kisha akakaa chini sakafuni. Kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa picha ya Baba, ile aliyovaa kofia, na Mama alikuwa anaitazama hiyo.

Mwishowe akauliza, "Mana yanje, Mungu wangu. Jean de Dieu, mwana wanje, hicho kinachozunguka ndooni ni nini?"

"Ni... ni cha kupozea kompyuta, Mama."

"Kwani kompyuta ilikuwa inazama?"

Shemeji, sijawahi kumwona mume wangu akilia. Siku ya maziko ya Baba hakulia. Alilia pale, amepiga magoti kwenye maji yaliyomwagika, anang'oa mipira kwa mikono miwili. Kompyuta ikapandisha joto, ikajizima, na video iliyokuwa karibu kumalizika ikaishia hapohapo. Hakuna aliyegeuka kuitazama. Mimi nilikuwa nimemkumbatia Mama na nguo zake mbichi.

Jioni Jean de Dieu aliibeba ile pampu nzima mwenyewe mpaka kwa Martini. Nilimfuata, maana niliogopa atapigwa. Martini alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaishika pampu, akaigeuzageuza, akasema, "Kwa hiyo hii ndiyo ile uliyoifufua?" Basi. Afadhali angempiga. Oswald naye akatoa hukumu yake: safari ya kwanza baada ya boti kuzibwa upya, Jean de Dieu apande, akae chini kabisa pembeni ya pampu, na sado mapajani, mpaka Mwamgongo na kurudi. Alikwenda. Alitapika njia nzima, lakini sufuria ya Aurore ilifika na unga mwingine ulifika, na maji hayakuingia.

Padri Benedict aliposikia, alisema kanisa halihitaji tena amplifaya ile, aichukue. Ndani yake kuna pande la chuma lenye mapezi mengi ya kutawanya joto. Jean de Dieu alilikata, akalikaza juu ya prosesa, akaweka na feni ya mashine ya fotokopi, kompyuta akaiacha wazi bila ubavu. Grisi nyeupe ameiomba kwa fundi redio mmoja wa Ujiji. Haina maji, haina pampu, haina mawese. Inapumua vizuri na haizimi, na vyote hivyo vilikuwa palepale kwenye kona tangu mwanzo. Hukumwambia habari ya mapezi, shemeji. Ulimwambia habari ya pampu yoyote. Nakupenda, lakini hilo nimelikasirikia, na nimeona nikuambie mwenyewe kuliko kulitunza.

Nakuja kwenye la mwisho, na hili limenishtua karibu kama lile la ziwani.

Video ilimalizika juzi Jumamosi. Mama akaomba aione, akakaa kwenye kigoda mbele ya kioo, akaitazama yote. Ilipofika kwenye ule mkeka wa watoto wa marehemu alimwambia Jean de Dieu aisimamishe. Akaitazama nafasi yako kwa muda mrefu. Kisha akaruhusu iendelee. Ilipoisha akauliza, "Hii sasa inakaa wapi?" Jean de Dieu akamwonyesha flashi. Mama akanyoosha mkono, akaipokea, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake. Akasema, "Na iliyobaki humo ndani, ifute." Tulidhani anatania. Jean de Dieu akamweleza kwamba alikuwa anataka kukutumia jioni ileile. Mama akasema tena, ifute. Akaifuta mbele yake, shemeji. Kazi yote ile.

Jean de Dieu anakusalimu na anasema anaona aibu kupiga simu. Aurore anakusalimu, na mtoto wake bado hana jina, wanasubiri. Martini na Oswald wanakusalimu kwa kicheko ambacho sitakiandika. Unisalimie Erica na unibusie Tuyizere.

Mama hajatuma salamu. Nilimwomba hata neno moja niliweke hapa, akanijibu hivi, nami naandika kama alivyosema: "Nilitaka kufa maji ili Térence amwone baba yake kwenye kioo. Hakuzika, hakuganduka. Mwambie picha ninayo mimi, na salamu zake ziko humohumo. Aje afungue fundo mwenyewe."

Ni nakala hiyo moja tu iliyobaki duniani, shemeji. Na kile kitenge cha njano ndicho anachokipenda sasa, anakivaa kila siku, na kila Jumamosi anakwenda kukifua ziwani.

Mungu aliyeifikisha boti ile Mtanga akufikishe na wewe hapa upesi.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye hata leo,

Générose